Sungusungu: kutoka mdudu hadi mlinzi wa jadi

Anayelitafuta neno “sungusungu” katika kamusi za Kiswahili za leo hukuta maana mbili. Ya kwanza ni mdudu mweusi wa jamii ya chungu, aumaye sana. Ya pili ni kikundi cha wanakijiji cha ulinzi, au mmoja wa walinzi hao. Kamusi huzipanga maana hizo moja chini ya nyingine bila kutaja umri wake, na msomaji huondoka akidhani kwamba zote mbili zimo katika lugha tangu kale. Sivyo. Mdudu ni mkongwe. Mlinzi alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji vya Kahama na Shinyanga, na wapo watu wazima walioshuhudia kuzaliwa kwake. Ni maneno machache ya Kiswahili ambayo maana yake mpya inaweza kuonyeshwa wilaya ilikotokea na karibu mwaka wake. Machache zaidi ni yale ambayo maana hiyo imepata nguvu ya kumfunga mtu kamba, kumtoza ng'ombe au kumhamisha kijijini.

Mdudu kwanza. Wasemaji wa Kiswahili huwatenganisha wadudu wa aina hii kwa makini kuliko wanavyotenganishwa katika vitabu vingi vya shule. Sisimizi ni mdogo na kosa lake kubwa ni kupenda sukari. Siafu huenda kwa maelfu, ana rangi ya wekundu wa kahawia, na akiingia bandani kuku hawaponi. Majimoto huishi juu ya miti na kushona majani kuwa viota. Mchwa hula mbao na hata si ndugu wa hao wengine, ijapokuwa watu humweka kundi moja nao. Sungusungu ni mweusi, mkubwa kuliko sisimizi, hutembea kwa msafara, na aliyewahi kuumwa naye hahitaji maelezo ya kamusi. Kwa umbo, neno hili limo katika safu ya majina ya viumbe yaliyojengwa kwa kukariri: kumbikumbi, nungunungu, sungusungu.

Ili kuelewa kwa nini mdudu huyo alipewa kazi ya kulinda ng'ombe, inabidi kurudi Usukumani katika miaka ya 1970. Katikati ya muongo huo Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kutoka makazi yao yaliyotawanyika, ambako kila ukoo ulijua nani amelala wapi, na kuwapanga katika vijiji vya safu ambamo majirani wengi hawakujuana. Wizi wa mifugo ulikuwa umekithiri, na pamoja nao mauaji ya watu walioshukiwa uchawi. Mwaka 1976 vyombo vya dola vilifanya msako mkubwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ili kukomesha mauaji hayo. Watuhumiwa waliteswa, na baadhi yao walikufa mikononi mwa waliowakamata. Mapema mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa ajili ya vifo hivyo. Watanzania wengi hulikumbuka tukio hilo kama mfano wa uwajibikaji wa kiongozi. Kwa mkulima wa Shinyanga lilikuwa na somo jingine pia: mwizi yupo, mchawi anadhaniwa yupo, na polisi aliyeitwa kusaidia naye amegeuka wa kuogopwa. Kisha vikaja vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na baada yake silaha za moto zikaonekana mikononi mwa majambazi ambao hapo awali walikuja na mapanga.

Hapo ndipo, kati ya mwaka 1981 na 1982, vijiji vilianza kujipanga vyenyewe. Vijana na wazee walitoka na pinde na mishale. Walitumia filimbi, na walitumia mwano, yaani yowe la hatari la Wasukuma na Wanyamwezi ambalo kila mwanamume aliyelisikia alipaswa kuliitikia na kulipokeza kwa kijiji cha jirani. Ng'ombe akiibwa, nyayo zake zilifuatwa kutoka kijiji hadi kijiji, na kijiji ambacho nyayo ziliishia kwake ndicho kilichopaswa kujieleza. Mwizi aliyekiri alilipa. Aliyekaidi alitengwa: hasalimiwi, hapewi moto wala maji, na msiba wake hauna waombolezaji. Adhabu hii ya mwisho haikuhitaji mshale hata mmoja, na wengi waliiogopa kuliko mishale.

Uongozi wa vikundi hivyo ndio unaomvutia zaidi mtafiti wa lugha. Mkuu wao hakuitwa mwenyekiti, ingawa nchi nzima wakati huo ilikuwa imejaa wenyeviti wa vijiji, wa matawi na wa kamati. Aliitwa mtemi, au kwa Kisukuma ntemi. Neno hilo kwa kawaida huelezwa kuwa limetokana na kitenzi cha kutema, yaani kukata, iwe ni kukata msitu wa kwanza au kukata shauri. Watemi walikuwa wamefutwa kisheria mwaka 1963. Hata miaka 20 haikutimia kabla cheo chao hakijarejea kwa mlango wa nyuma, safari hii kwa mtu wa kawaida aliyechaguliwa na wenzake, asiye na ukoo wa kitemi wala ngoma za utawala. Pembeni yake alikuwapo kamanda, neno lililokuja na jeshi. Ndani ya kikundi kimoja cha kijiji, basi, msamiati wa enzi za watemi na ule wa vita vya Kagera ulikaa mkeka mmoja. Chini ya vyote palikuwa na desturi ya zamani ya vijana wa Kisukuma kushirikiana katika kilimo na ngoma wakiongozwa na nsumba ntale, mkubwa wa vijana.

Kuhusu jina lenyewe, maelezo yanayosimuliwa vijijini ni ya mdudu: mmoja ni mdogo na hana kitu, lakini atakayemkanyaga mmoja amewakanyaga wote. Wengine hulisikia ndani yake neno la Kisukuma “busungu”, lenye maana ya uchungu na ya sumu, na hapo hufikiriwa sumu ya mshale. Maelezo haya mawili si lazima yashindane. Mdudu aumaye na mshale wenye sumu hukutana mahali pamoja, katika maumivu, na mwanafunzi wa isimu atakumbuka kwamba “s” ya Kisukuma mara nyingi hulingana na “ch” ya Kiswahili: busungu kwao, uchungu kwetu.

Hata hivyo vikundi hivi vilikuwa na jina la pili, ambalo kamusi nyingi hazina: basalama, kwa Kiswahili wasalama, watu wa amani. Neno la Kiarabu lililopita katika Kiswahili liliingia Usukumani na Unyamwezini, likavishwa kiambishi cha watu, likawa jina la wapiga mishale. Majina haya mawili yalitazama pande mbili. Mwanakijiji aliyejiunga alikuwa msalama. Mwizi aliyekimbizwa usiku alikutana na sungusungu. Lililoenea ni lile la mkimbizwa. Hilo halishangazi, kwa kuwa sifa ya jeshi lolote hutangazwa zaidi na waliolikimbia.

Simulizi zilizokua pembeni ya vikundi hivyo zina thamani yake, maadamu hazisomwi kama taarifa ya polisi. Husimuliwa juu ya dawa zilizowakinga walinzi dhidi ya risasi, na juu ya waganga waliomtambua mwizi kabla hajafika zizini. Waganga kweli walikuwa na nafasi kubwa katika siku za mwanzo, na hapa habari inaacha kuwa ya kuchekesha. Kipaji cha kumtambua mwizi kilidaiwa kumtambua mchawi pia. Miongoni mwa waliotajwa, kufukuzwa au kuumizwa walikuwamo wanawake, hasa wazee, na wengine hatia yao ilikuwa macho mekundu, ambayo katika nchi iliyokwisha miti na kupikia kinyesi cha ng'ombe hayakuhitaji uchawi kupatikana. Mtuhumiwa mbele ya sungusungu hakuwa na wakili, wala hati ya mashtaka, wala rufaa. Anayelisifu neno hili kwa wanafunzi kama kielelezo cha umoja wa kijiji anasema kweli, lakini ameacha nusu.

Serikali haikuwa na kauli moja mwanzoni. Mahakama na polisi waliona watu wanaofunga na kupiga bila mamlaka. Chama kiliona wananchi wanaojilinda, jambo ambalo siasa ya kujitegemea ilikuwa imelihubiri kwa miaka. Nyerere alikuwa upande wa wanavijiji. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa na sungusungu wakapewa mamlaka ya kukamata. Rais wakati huo alikuwa Mwinyi, yule yule aliyejiuzulu uwaziri miaka 12 kabla kwa sababu ya vifo vya Shinyanga. Historia haikosi mizaha ya namna hii.

Tangu hapo ndipo lilipoota mizizi lile fungu la maneno linalosomwa magazetini kila mara: “jeshi la jadi sungusungu”, au “walinzi wa jadi maarufu kama sungusungu”. Neno “jadi” humaanisha kilichorithiwa kutoka kwa mababu. Sungusungu hakurithiwa, aliundwa na watu waliokuwa wamesikiliza redio, kupigana Uganda na kuhamishwa na Operesheni. Vipande vyake ni vya kale, mwano, mshale, utemi, kutengwa, lakini mjengo ni wa mwaka 1981. Kuuita wa jadi kulikuwa na faida kwa kila upande. Kijiji kilipata uhalali ambao hakuna afisa angeweza kuudai vyeti, na serikali ilipata namna ya kuruhusu jambo lisilofuata taratibu zake bila kukiri kwamba taratibu hizo zilikuwa zimeshindwa. Mwandishi makini atalitumia “jadi” hapa akijua kwamba ni dai, si tarehe.

Neno lilisafiri. Lilivuka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama, ambako kambi huota ndani ya wiki chache kuzunguka maduara mapya na watu hutoka kila pembe ya nchi. Huko hakuna ukoo wala mababu wa pamoja, na bado ulinzi wa kambi huitwa sungusungu. Lilifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990, enzi ambazo Augustine Mrema alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na mjini likapata maana ya zamu: kila nyumba itoe mtu wa kukesha au ilipe. Kwa mkazi wa mjini wa umri fulani, “sungusungu” hukumbusha kwanza baridi ya saa tisa usiku na mtu anayegonga mlango kudai mchango. Siku hizi mjini kinachosikika zaidi ni “ulinzi shirikishi”, maneno ya ofisini yasiyouma mtu.

Upande wa Kenya habari ni tofauti, na mfasiri anapaswa kuwa macho. Wakuria, ambao wanaishi pande zote mbili za mpaka, waliupokea mfumo huu kwa ajili ya vita yao na wezi wa ng'ombe. Katika nchi ya Wakisii, hata hivyo, jina hilo lilikuja kuhusishwa na kundi la wahalifu, na mwaka 2010 lilikuwamo katika orodha ya makundi yaliyopigwa marufuku na serikali ya Kenya. Sentensi “alikuwa sungusungu kwa miaka mitano” ni sifa katika wasifu wa mzee wa Bukombe. Ikisomwa Kisii inaweza kuwa shtaka.

Kwa hiyo kulifasiri kwa istilahi ya kigeni ya raia wanaojichukulia sheria mkononi ni kukosea kwa Tanzania, ambako sheria yenyewe iliwapa mkono, na kulifasiri kama polisi wa jamii ni kumpamba mlinzi asiye na sare, mshahara wala mafunzo. Njia salama ni kuliacha lilivyo na kulieleza mara moja. Wala lisichanganywe na “wananchi wenye hasira kali”, fungu ambalo magazeti hulitumia kwa umati uliompiga mtu hadi kufa na ambao hauna jina, kiongozi wala wa kuulizwa kesho yake. Sungusungu wana mtemi, na mtemi ana nyumba inayojulikana.

Limebaki suala la upatanisho, ambalo wanafunzi huliuliza mno. Mdudu yumo katika ngeli ya A-WA: sungusungu ameniuma, sungusungu wametanda njiani. Walinzi nao ni watu, hivyo: sungusungu wamemkamata mwizi. Inapotajwa taasisi yenyewe, I-ZI ndiyo inayofaa: sungusungu ilianza Shinyanga, sungusungu ya kijiji hiki ina nguvu. Aya moja inaweza kubeba upatanisho wote huo bila kosa, ikiwa mwandishi anajua kila mara anazungumzia nini. Mtu mmoja katika kikundi anaweza kuitwa mwanasungusungu. Maandishi “sungu sungu”, kwa maneno mawili, yanaonekana mara nyingi magazetini na hayana sababu ya kisarufi; hakuna anayeandika “kumbi kumbi”. Herufi kubwa haihitajiki isipokuwa mwanzoni mwa sentensi, kwa kuwa hili si jina la chama kimoja kilichosajiliwa. Ni jina la namna ya kulala usiku huku mtu mwingine akiwa macho.