Kugeuza Tela la Mizigo Kuwa Chumba cha Kulala Shambani: Anza na Hewa

Swali nililoulizwa sana msimu huu, kuanzia Mabwepande upande wa Kinondoni mpaka Chamazi na Toangoma huku Temeke, si la mbegu wala mbolea. Ni hili: "Bwana shamba, nina tela la mizigo limekaa tu nyumbani. Naweza kuligeuza chumba, kijana akawa analala shambani?"

Unaweza, na kwa wengi wenu ni wazo zuri kuliko kujenga. Mashamba mengi ya pembezoni mwa Dar es Salaam si mali ya anayelima. Umekodi, au mtu kakuachia kiwanja umlindie huku unalima mchicha na matikiti, na hataki kuona tofali lako pale. Siku akipata mteja, unaambiwa uondoke. Banda la mabati utalibomoa na nusu ya mabati itabaki matundu ya misumari. Tela unalifunga nyuma ya gari, safari. Na usiku asipolala mtu shambani, pampu inaondoka, hilo mnalijua kuliko mimi.

Wala si jambo jipya duniani. Wachungaji wa kondoo Uingereza, karne ya 19, walilala kwenye vibanda vyenye magurudumu ya chuma msimu wa kondoo kuzaa, wakivivuta kwa farasi kutoka malisho haya hadi yale.

Sasa, kabla hujamwita fundi wa kuchomelea, uliza tela lilikuwa linabeba nini. Hapa sitanii. Sakafu ya mbao inakunywa kila kinachomwagika. Kama lilibeba viuatilifu, betri chakavu au mafuta, bati utaliosha kwa maji na sabuni, lakini mbao zilizolowa dawa haziwi safi. Zing'oe zote, na usimpe mtu akapikie, maana moshi wake nao ni sumu. Maji ya kuoshea yasielekee kisimani wala mtoni. Kuosha kutangulie kuchomelea, kwa sababu moto unafukiza mabaki ya sumu usoni kwa fundi.

Wengine mnafikiria kontena la futi 20 badala ya tela lenye bodi. Likiwa tupu tu linazidi tani mbili, pikapu yako haitalivuta. Halafu sakafu za kontena nyingi ni plaiwudi nene iliyotiwa dawa ya kuzuia wadudu. Kuna kibao cha chuma mlangoni, kwa kawaida kinaonyesha sakafu ilitiwa dawa gani na mwaka gani. Kisome kabla hujatoa hela.

Nije kwenye hewa, ndiyo iliyonifanya niandike leo. Mwezi wa saba nilitembelea shamba moja huko Temeke. Kijana wa pale alikuwa anaamka kila siku kichwa kinagonga, anasikia kichefuchefu, ikifika saa nne asubuhi yuko sawa. Bosi wake alishampeleka kupima malaria mara mbili, hakuna kitu. Nikaomba nione anapolala. Tela limezibwa kila upande kuzuia mbu. Ndani kuna godoro, jiko la mkaa analoliacha na makaa apate joto la alfajiri, na karibu kabisa na mto wake kuna bomba la kupulizia na chupa tatu za viuatilifu, moja kifuniko kimepasuka.

Tulitoa jiko na chupa siku ileile. Baada ya siku chache alinipigia, akasema kichwa kimetulia.

Mkaa usiotoa moshi ndio unaodanganya watu. Unaonekana umetulia, kumbe unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtu anasinzia na haamki. Piga hesabu: tela la urefu wa mita 3, upana mita 1.5 na kimo mita 2 lina mita za ujazo 9 tu. Chumba cha kawaida cha kupanga, mita 3 kwa 3 na dari ya mita 3, kina 27. Yaani jiko lilelile, hewa theluthi moja. Jenereta ya petroli iliyoegeshwa karibu na dirisha ina hatari hiyohiyo. Kupika kufanyike nje, chini ya turubai lililofungwa ubavuni mwa tela. Mtungi wa gesi ya kupikia nao ukae nje, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni.

Kwa hiyo mwambie fundi akate matundu kabla ya kufikiria kitanda. Ya chini upande mmoja, ya juu upande wa pili, yawekewe wavu wa mbu, na ya juu yasiwe na kifuniko kabisa, kwa sababu kikiwepo kitafungwa tu. Ukiliegesha tela ubavu mrefu ukatazama kusini na mwingine kaskazini, unapata mambo mawili: jua la asubuhi na la jioni linapiga upande mfupi, na pepo zetu mbili, kusi na kaskazi, zote zinaingia madirishani. Paa lipake nyeupe, halafu juu yake inua bati lingine likiacha nafasi ya shubiri moja upepo upite. Mimi naona hilo bati la pili linasaidia kuliko stairofomu wanayokusukumia mafundi. Ukiitumia, ifunike kwa plaiwudi, maana ikishika moto moshi wake ni mbaya sana. Na dirisha moja litoshe mtu kupita, lifunguke kwa ndani, lisiwe na nondo za kuchomelea. Mwizi unamwogopa, sawa, ila kijana awe na pa kutokea moto ukiwa mlangoni.

Viuatilifu na bomba vijengewe sanduku la peke yake lenye kufuli, nje, mbali na kitanda.

Uzito una kanuni yake. Kwa tela la ekseli moja, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ielemee mbele, pale linapoungana na gari. Ukijaza nyuma, litayumba barabarani. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo pipa la lita 200 ni kilo 200. Safiri likiwa tupu, jaza ukifika. Ukiegesha, weka magogo mbele na nyuma ya matairi na tegemeo imara pembe zote nne.

Umeme ni rahisi. Taa tatu za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 75, ongeza kama 15 za kuchaji simu. Betri ya volti 12, Ah 50, ina wati-saa 600, na ukitumia nusu tu ili idumu bado una siku tatu za mawingu ya masika. Nayo ikae nje kwenye kisanduku chenye matundu, kwa sababu betri ya maji ikichajiwa inatoa hewa inayowaka.

Barabarani tela linatakiwa kuwa na usajili wake, taa za nyuma na viakisi mwanga. Na kama eneo si lako, andikishaneni na mwenye nalo mbele ya serikali ya mtaa kwamba tela ni mali yako na utaondoka nalo. Kila mmoja abaki na nakala.