Meno ya Bandia Hulala Nje ya Kinywa

Wiki hii nazungumzia jambo lililomo katika nyumba nyingi lakini halitajwi hata mbele ya watoto. Ni meno ya bandia, yale ya kuvaa na kuvua. Kwa miaka mingi tiba kuu ya jino bovu katika nchi yetu imekuwa ni kung'oa. Si ajabu basi kwamba katika miji kama Njombe na Makambako wapo wazee, na hata watu wa makamo, wenye jino moja, mawili au safu nzima iliyotengenezwa na fundi. Hakuna aibu katika hilo. Kinacholeta hasara ni kule kuona aibu, maana mtu anayeficha meno yake huyaosha haraka haraka kwa kujificha, na usiku hulala nayo mdomoni ili mwenzake asijue.

Tuanze na kifaa chenyewe. Meno hayo hushikiliwa na kibao chembamba cha plastiki ngumu iitwayo akriliki, chenye rangi ya ufizi. Mara nyingi kibao hicho huwa na kulabu ndogo za waya zinazokamata meno yaliyobaki. Kwa macho plastiki hiyo ni laini kama kioo, lakini ina vitundu vidogo sana visivyoonekana. Mate, mabaki ya chakula na vijidudu hujenga humo utando. Ukikipapasa kibao ukahisi utelezi, huo ndio utando wenyewe. Kusukutua kwa maji peke yake hakuuondoi. Ni lazima usuguliwe. Ukiachwa, madini yaliyomo katika mate huugandisha ukawa ugaga, na harufu mbaya huanza. Mwenye meno huwa wa mwisho kuisikia, kwa kuwa pua yake imekwisha kuizoea.

Chini ya kibao mambo huwa mabaya zaidi. Mate ni mlinzi wa kinywa, lakini hayafiki vizuri pale palipofunikwa. Fangasi waitwao kandida, ambao huishi katika vinywa vya watu wengi bila kuwadhuru, hupata mahali pa joto na unyevu wakazaliana. Kaakaa hugeuka jekundu kwa umbo lile lile la kibao. Mara nyingi halimuumi mtu, kwa hiyo anaweza kukaa nalo miaka bila habari.

Hapa inafaa kusema wazi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kuwa mkoani Njombe watu 12.7 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote Tanzania Bara. Kwa kuwa fangasi wa kinywani wamezoeleka kutajwa pamoja na ugonjwa huo, mtu akiona wekundu kinywani anaweza kuogopa kwenda hospitali asije akadhaniwa vingine. Lakini wekundu unaofuata umbo la kibao, sababu yake ya kawaida ni kibao kisichosafishwa vizuri na kisichovuliwa usiku. Naye anayeishi na virusi, au mwenye kisukari, ana sababu zaidi ya kuwahi kwa daktari, kwa kuwa kinga ikishuka fangasi hushamiri upesi. Wahenga walikwisha kusema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Kulala na meno hayo kuna hatari nyingine. Mtu akiwa usingizini, mate machache huteremka katika njia ya hewa yakiwa na vijidudu vya kinywani. Watafiti wa Japan walichapisha mwaka 2015 matokeo ya kuwafuatilia wazee 524 wenye miaka 85 na zaidi kwa muda wa miaka 3. Waliokuwa wakilala na meno ya bandia walipatwa na nimonia kwa kiasi cha zaidi ya mara mbili ya wenzao. Zaidi ya hayo, kibao kidogo kilicholegea kinaweza kumezwa usingizini, na zile kulabu zake zikakwaruza au kukwama kooni.

Sasa tuje kwenye kuosha. Mji wa Njombe uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni hadi Agosti sina haja ya kuieleza. Asubuhi birika huwa jikoni, na ni rahisi mtu kuyamiminia meno maji yale yale ya moto anayonawia uso. Maji ya moto hupinda plastiki, na kibao kilichopinda hakikai tena mahali pake. Tumia maji ya baridi, au ya uvuguvugu tu ambayo mkono wa mtoto utayavumilia.

Weka beseni lenye maji kidogo, au taulo lililokunjwa, ili meno yakiponyoka yasivunjike. Chukua mswaki laini uliotengwa kwa kazi hiyo na sabuni ya kawaida isiyo kali. Sugua pande zote, hasa ule unaogusa ufizi na sehemu za ndani za kulabu, kisha suuza sana. Usitumie dawa ya meno, kwa maana ina chembe zinazokwaruza plastiki, na kila mkwaruzo ni maficho mapya ya vijidudu. Majivu, mchanga na stilwaya ni vya masufuria. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe hufifisha rangi ya kibao na kula waya. Baada ya kuosha, loweka meno katika maji safi, katika chombo chenye kifuniko, mpaka asubuhi. Maji hayo yabadilishwe kila siku. Kisha safisha ulimi, ufizi na meno yaliyobaki, hasa yale yanayobeba kulabu, kwa kuwa ndiyo huoza mapema.

Mchana, suuza kila baada ya kula. Chai yetu ya rangi huacha madoa, na ulanzi mtamu unaonywewa kidogo kidogo kutwa nzima huwalisha vijidudu vilivyo chini ya kibao. Wasafiri wajihadhari pia. Pale Makambako, barabara ya Songea inapoachana na ile ya Dar es Salaam na Mbeya, abiria hula kwa haraka huku honi ya basi ikiwaita. Anayevua meno akayafunga kwenye karatasi kando ya sahani ajue kwamba mhudumu ataikusanya karatasi hiyo pamoja na mifupa. Tembea na kikopo kidogo chenye kifuniko.

Vijana walionyooshwa meno kwa nyaya wana kifaa chao cha plastiki cha kuzuia meno yasirudi yalikokuwa. Usafi wake ni huo huo: maji yasiyo ya moto, mswaki laini na sabuni. Tofauti ni kwamba wengi wao huagizwa kukivaa usiku. Hao wafuate agizo la daktari, wakioshe kabla ya kulala na wanapokivua asubuhi.

Kibao kikivunjika, usikiunge kwa gundi ya dukani. Gundi hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kinywa, na kipande kikikaa upande kidogo tu hujeruhi ufizi. Kikilegea, ujue kwamba ufizi na mfupa hunywea baada ya meno kung'olewa. Mrudie daktari akirekebishe. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili nacho ni cha kuonyeshwa daktari bila kusubiri.

Mwisho, nawageukia wanaouguza wazee. Tunambadilisha mzee shuka, tunamwogesha na kumlisha, lakini kinywa chake tunakisahau. Muulize kwa heshima, mkiwa wawili tu, kama ana meno ya kuvua. Akikubali, mletee bakuli lenye maji safi na kifuniko chake, na umwoshee kila jioni kama unavyomwosha miguu.