Istilahi za Saratani ya Ini

Mkulima wa Kisongo, magharibi ya mji wa Arusha, hupata maarifa ya afya kwa Kiswahili kilichopita mikononi mwa mfasiri. Mfasiri akikosea neno, mkulima hukosa kinga. Kwa hiyo tunakusudia kueleza hapa istilahi tatu zihusuzo saratani ya ini, ambazo aghalabu huchanganywa.

Ya kwanza ni homa ya ini. Virusi vyake vya aina ya B na C vikikaa mwilini miaka mingi huliharibu ini, na hatimaye saratani yaweza kuzuka. Wako waandikao homa ya manjano badala yake, kwa kuwa macho ya mgonjwa hugeuka manjano. Hilo ni kosa. Homa ya manjano huenezwa na mbu. Homa ya ini B huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, au na mama kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Chanjo zake pia ni mbili mbalimbali. Ile ya homa ya ini B ilianza kutolewa kwa watoto wachanga nchini Tanzania mwaka 2002. Aliyechanjwa moja asidhani amekingwa na zote mbili.

Ya pili ni sumukuvu. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kula chakula cha karanga zilizoota kuvu. Wataalamu waliiita sumu hiyo aflatoksini, kutokana na jina la kuvu yenyewe, Aspergillus flavus. Sumukuvu, basi, ni jina la jumla, na aflatoksini ni aina mojawapo. Katika tangazo la kijijini sumukuvu latosha. Katika taarifa ya maabara hapana budi kuandika aflatoksini.

Neno sumu nalo huleta dhana ya kifo cha ghafla. Kifo hicho kipo: mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Lakini alaye kidogo kidogo kwa miaka mingi haoni dalili, na saratani humjia baadaye. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Mfasiri aeleze wazi kwamba mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, na yakauke vema kabla ya kuwekwa ghalani. Tena aeleze kuwa mwenye virusi vya B alaye sumukuvu, hatari yake huongezeka maradufu na zaidi.

Ya tatu ni tiba. Kutibu si lazima kuponya. Uvimbe mdogo uliogunduliwa mapema waweza kukatwa, au ini likabadilishwa, na mgonjwa akapona. Ukishaenea, dawa kwa kawaida huchelewesha maradhi tu. Hapo tunapendekeza dawa ya kudhibiti, wala si dawa ya kuponya.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wazitumie istilahi hizi kwa uangalifu, kila moja mahali pake.