Unga wa Uyoga na Akili za Wazee Wetu

Katika miji yetu mingi, na Karatu haikuachwa nyuma, watu hutangaziwa sasa makopo ya unga wa uyoga, vidonge vya uyoga, na hata kahawa iliyochanganywa na uyoga. Matangazo hayo huingia katika simu yakiahidi kwamba mzee aliyeanza kusahau atarudishiwa kumbukumbu yake, na kwamba kijana wa shule atafaulu mtihani. Yatupasa kulitazama jambo hili kwa makini, kwani anayenunua mara nyingi si tajiri. Ni mtoto mwenye mama mzee nyumbani, aliyeona siku moja kwamba mama amelisahau jina la mjukuu wake, naye yu tayari kutoa alicho nacho.

Hatusemi kwamba uyoga hauna dawa. Mtume wetu (s.a.w.), kama walivyopokea Bukhari na Muslim, aliutaja kwa wema uyoga wa ardhini uitwao kwa Kiarabu kam'a, akaeleza kuwa maji yake yafaa kwa macho. Wala watu wa Ngorongoro hawahitaji kufundishwa kwamba porini mna dawa. Wamasai wa huko tangu zamani huchemsha magome na mizizi, kama ya mti wa olkiloriti, pamoja na supu ya nyama. Lakini dawa ya macho haikufanywa kuwa dawa ya kila kitu, na swali letu ni moja: je, uyoga huu wa makopo umethibitika kuuponya ubongo?

Unaosifiwa kupita wote ni ule uitwao kitaalamu Hericium erinaceus. Huota juu ya miti katika misitu ya Asia, Ulaya na Amerika, nao huning'iniza nyuzi nyeupe ndefu, hata watu wakaufananisha na manyoya ya shingo ya simba. (Watu wa Karatu, walio majirani wa simba wenyewe, watajiamulia kama mfano huo unafaa.) Kuanzia miaka ya 1990, wataalamu wa Japani, akiwamo Hirokazu Kawagishi, walitoa ndani yake viini ambavyo katika maabara huzichochea chembe hai kutengeneza protini inayokuza mishipa ya fahamu. Protini hiyo si porojo. Bibi Rita Levi-Montalcini wa Italia, aliyeigundua, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Walakini chupa ya maabara si kichwa cha mtu. Mwaka 2009 ilichapishwa habari ya majaribio ya Japani yaliyowashirikisha watu 30 wa umri wa miaka 50 hadi 80, walioanza kupungukiwa na kumbukumbu kidogo. Nusu yao walipewa vidonge vya uyoga huo kwa majuma 16, na nusu wakapewa vidonge vitupu. Waliokula uyoga walipata alama bora katika maswali ya kupima akili; lakini majuma manne baada ya kuacha, alama zao zilishuka. Watu 30! Hao hujaa katika basi dogo moja la kutoka Karatu kwenda Arusha. Huko Uingereza, mwaka 2023, vijana na watu wazima 41 wenye afya walijaribiwa: saa moja baada ya dozi ya kwanza walifanya upesi zaidi zoezi moja, na katika mengi yaliyobaki haikuonekana tofauti. Haya ni mwanzo wa elimu, wala hayajafikia kuitwa tiba. Mwenye kumwambia mwanafunzi kwamba kopo litamfaulisha amesema asichokijua.

Kisha kuna jambo ambalo nyumba ya Kiislamu haiwezi kulipita. Dondoo nyingi za uyoga zinazouzwa kwa matone hutengenezwa kwa kuuloweka uyoga katika pombe kali, na pombe hiyo hubaki ndani ya chupa. Vidonge vya ganda laini navyo huenda vikawa vya jelatini ya nguruwe. Anayenunua na asome maandishi yaliyo ubavuni mwa chupa, si picha iliyo mbele tu. Na kama maandishi hayamo, hiyo yenyewe ni sababu ya kurudisha chupa mahali pake.

Na hata kilichoandikwa huenda kisiwe kweli. Mwaka 2017 wachunguzi walipima bidhaa 19 zilizonunuliwa Marekani, zenye kudai kuwa ni uyoga mwekundu wa Ganoderma lucidum. Ni 5 tu zilizopatikana kuwa kama zilivyoandikwa. Unga mwingine wa uyoga hutengenezwa kwa kusaga mizizi ya uyoga pamoja na nafaka iliyooteshewa, hata mnunuzi akalipa bei ya dawa kwa wanga wa mchele. Wanaoijua habari ya Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta chini imelowa, hawatahitaji tuwaeleze zaidi. Tena uyoga huo wa Ganoderma huweza kuzidisha kutoka damu kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile warfarini. Mgonjwa wa namna hiyo asianze kuutumia bila ya daktari wake kujua.

Sasa tuzitazame nyumba zetu. Katika wilaya ya Hai, ng'ambo ya Arusha ukitokea Karatu, wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi walichunguzwa, na habari zake zikachapishwa mwaka 2013: wapatao 6 katika kila 100 walikuwa na maradhi ya kupoteza akili. Katika wilaya hiyo hiyo ilionekana kwamba karibu wazee 70 katika kila 100 walikuwa na presha ya damu, na wengi wao hawakuwa wakitumia dawa. Presha hupasua na kuziba mishipa midogo ya ubongo polepole, mwaka baada ya mwaka, bila ya maumivu. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu 45 katika kila 100 ya maradhi haya yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, na miongoni mwa sababu walizozitaja ni presha, kisukari, tumbaku, kukosa elimu, uziwi usiotibiwa, upweke, na kuumia kichwa. Kwa hiyo kijana wa bodaboda apandaye mlima wa Rhotia bila kofia ngumu anauweka ubongo wake hatarini kuliko mwenzake asiyewahi kuonja unga wa uyoga. Na mama mwenye presha aliyeachishwa vidonge vyake ili fedha zinunue kopo amedhulumiwa, ingawa kwa mapenzi.

Mwenye kuupenda uyoga na aule kama chakula. Huko Singapore, katika uchunguzi wa wazee 663 uliochapishwa mwaka 2019, waliokula uyoga uliopikwa zaidi ya mara mbili kwa juma walionekana wachache zaidi wenye kupungukiwa kumbukumbu, ijapokuwa hilo halithibitishi kwamba uyoga ndio uliowakinga. Asiingie mtu katika misitu ya Ngorongoro kuokota asioujua, kwa kuwa ipo aina ambayo sumu yake haiondoki kwa kupikwa, na mlaji huanza kutapika baada ya saa nyingi, hali ini limekwisha kudhurika. Ulio salama ni uyoga mamama, ambao huoteshwa nyumbani. Mabua ya ngano au maharagwe, ambayo Karatu hayakosekani, hukatwa na kuchemshwa, hupozwa, huchanganywa na mbegu safi ya uyoga na kutiwa katika mifuko. Mifuko huwekwa katika chumba chenye giza mpaka iwe meupe yote, ndipo hutobolewa na kunyunyiziwa maji kila siku, na baada ya majuma machache uyoga huchomoza ubavuni mwa mfuko.