Mdomo wazi: Kwa nini kaakaa la mtoto halitakiwi kusubiri

Mtoto akizaliwa na mdomo wazi, macho ya wengi huishia mdomoni. Wazazi wanawaza majirani watasema nini, na kovu litakuwa kubwa kiasi gani. Lakini kwa baadhi ya watoto hawa, uwazi unaoleta shida ya muda mrefu ni ule usioonekana, ulioko ndani, kwenye kaakaa.

Utafiti mkubwa wa kitabibu uliochapishwa mwaka 2023 umeonesha kuwa umri wa mtoto siku kaakaa linapozibwa unachangia jinsi atakavyozungumza akifika miaka 5. Kwa familia ya Bombambili, Songea, hilo si jambo dogo. Hospitali ya CCBRT, inayojulikana kwa upasuaji huu, iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara. Ukianza kutafuta nauli mtoto akiwa na mwaka, umeshachelewa.

Tatizo linaanzaje?

Mdomo wa mtoto huungana tumboni kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya ujauzito. Kaakaa hufuata, kati ya wiki ya 6 na ya 9. Wakati huo mama wengine hata hawajajua kama wana mimba. Pande mbili zisipokutana, uwazi unabaki.

Si kurogwa, wala si adhabu kwa mama. Sababu ni mchanganyiko wa vinasaba na mazingira, na mara nyingi daktari hawezi kutaja moja.

 Hospitali ya Bugando, Mwanza, ilipochambua kumbukumbu za wagonjwa 240 wa kati ya mwaka 2004 na 2009, wengi zaidi walikuwa na uwazi wa mdomo peke yake, wakifuatiwa kwa karibu na wenye mdomo na kaakaa. Upande wa kushoto ndio ulioathirika zaidi.

Kaakaa lina kazi gani?

Sema "baba". Kabla ya kila b, kaakaa laini lililo nyuma ya kinywa linapanda na kufunga njia ya pua, hewa inajaa mdomoni. Kaakaa likiwa wazi, hewa inatorokea puani. Mtoto anataka kusema "baba", inatoka kama "mama". "Dada" inakuwa kama "nana". Ndiyo king'ong'o chenyewe, na huko shuleni wenzake hawamwachi.

Kabla ya kufika huko kuna shida nyingine mbili:

- Kunyonya. Mtoto hawezi kuvuta maziwa vizuri, yanatokea puani, uzito haupandi.
- Masikio. Maji hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio, usikivu unapungua.

Utafiti ulipata nini?

Ulihusisha watoto 558 wenye kaakaa wazi bila mdomo wazi, katika vituo 23 vya Ulaya na Brazil. Kwa bahati nasibu, kundi moja lilipangiwa upasuaji wakiwa na miezi 6, jingine miezi 12. Walipofika miaka 5, wataalamu walisikiliza rekodi za sauti zao.

- Waliopangiwa miezi 6: asilimia 8.9 kaakaa lilikuwa halifungi vya kutosha.
- Waliopangiwa miezi 12: asilimia 15.

Madhara baada ya upasuaji yalikuwa machache na hayakutofautiana sana kati ya makundi hayo.

Basi wote wapasuliwe miezi 6?

Hapana, siyo moja kwa moja. Watoto wa utafiti ule walikuwa na afya nzuri, kwenye vituo vyenye vifaa na wataalamu wa usingizi wa watoto.

Hatari kubwa hapa ni njia ya hewa. Koo la mtoto mchanga ni jembamba. Kaakaa likishashonwa, huvimba, na ile nafasi aliyozoea kupumulia inapungua ghafla. Anahitaji mirija ya saizi yake na muuguzi wa kumwangalia usiku kucha. Mtoto mwenye utapiamlo au upungufu wa damu hatari yake ni kubwa zaidi.

Ndiyo maana madaktari wengi wana kanuni ya zamani ya "kumi tatu" kwa upasuaji wa mdomo: wiki 10, uzito wa ratili 10 (kama kilo 4.5) na kiwango cha damu 10. Kaakaa huja baadaye, na sehemu nyingi ni kati ya miezi 9 na 18.

Kwa maneno mengine, uzito mdogo unaweza kumchelewesha mtoto.

Mzazi afanye nini?

1. Siku ya kuzaliwa: Omba mkunga aangalie kaakaa kwa tochi, hata kama mdomo ni mzima.
2. Wiki ya kwanza: Kamua maziwa ya mama, mpe kwa kikombe au kijiko, kidogo kidogo, akiwa amekaa wima. Mcheulishe mara kwa mara.
3. Kila wiki mwanzoni: Mpime uzito kliniki. Usipopanda, usisubiri mwezi uishe.
4. Mapema: Omba rufaa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Songea au Peramiho, na uulize tarehe. CCBRT hufanya upasuaji huu bila malipo kwa ufadhili wa shirika la Smile Train, kwa hiyo mzigo mkubwa ni safari. Anza kuiwekea akiba sasa.
5. Haraka sana: Mtoto mwenye kidevu kidogo anayekoroma, kubonyea kifua au kubadilika rangi akipumua apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Ulimi wake unaweza kuwa unarudi nyuma na kuziba hewa.

Na aliyechelewa, mwenye miaka 4, 10 au hata mtu mzima? Bado aende. Mdomo unashonwa umri wowote, na kaakaa pia linazibwa. Tofauti ni kwamba atahitaji mazoezi mengi ya kuongea, na wataalamu wa kazi hiyo nchini ni wachache.