Picha Iliyoshika Mioyo ya Watu

Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kueleza jinsi mtengeneza picha za sinema awezavyo kuishika mioyo ya watazamaji na kuielekeza apendako. Mfano wetu ni picha iitwayo Psycho, iliyotengenezwa na Bwana Alfred Hitchcock, mzaliwa wa London aliyehamia Marekani. Ilionyeshwa kwanza New York, mwezi wa Juni, mwaka 1960.

Habari yake ni hii. Karani mmoja, jina lake Marion, alipewa dola 40,000 azipeleke benki; naye akatoroka nazo kwa motakaa. Usiku, mvua ikamzidia, akapanga chumba katika nyumba ya wageni kando ya njia, iliyotunzwa na kijana mpole aitwaye Norman. Humo Marion akajuta, akakusudia kuzirudisha fedha. Lakini alipokuwa akioga, mtu aliingia na kisu, akamwua.

Watazamaji walipiga makelele. Bibi Janet Leigh, aliyecheza kama Marion, alikuwa mtu mashuhuri, na hadithi haijafika hata nusu; nani angalidhani kuwa atakufa?

Mauaji yenyewe hayapati dakika moja, ingawa kuipiga sehemu hiyo kulichukua siku 7. Picha haina rangi, kwa hiyo damu ilikuwa maji ya chakleti, na sauti ya kisu ilitoka katika tikiti lililochomwa. Bwana Hitchcock hakutaka muziki hapo, lakini alipousikia ule wa Bernard Herrmann, wa vinanda vya nyuzi vitupu, akageuza shauri. Majeraha karibu hayaonekani. Mtazamaji huyaongeza mwenyewe moyoni mwake.

Siku hizo watu wa Marekani walizoea kuingia sinema wakati wowote, hata picha ikiwa katikati. Bwana Hitchcock akaagiza kwamba picha ikiisha kuanza, mtu asiingizwe. Baadhi ya wenye sinema waliogopa hasara. Kumbe watu walipanga safu ndefu nje. Waandishi wengine wa magazeti hawakuisifu, lakini picha iliyogharimu kama dola 800,000 ilileta mamilioni.

Lakini jambo kubwa kwetu ni hili. Norman alipoikuta maiti hakwenda kwa polisi, bali aliitia katika motakaa ya Marion, akaisukuma motakaa kinamasini. Ikazama nusu, kisha ikasimama. Hapo watazamaji huzuia pumzi, wakitamani izame! Watu wema, wenye kuchukia uovu, wajikuta wanataka uovu ufichwe. Wala hakuna aliyewalazimisha.

Basi hatusemi picha za namna hii zisitazamwe. Twasema, atazamaye na ajiulize: Ni nani aongozaye moyo wangu sasa, naye anipeleka wapi?

Mwisho wa hadithi hatuutaji. Bwana Hitchcock aliwaomba watazamaji wasiwatolee wenzao siri ile, nasi twaliheshimu ombi lake.