Binti ametoka ku iniversite, sasa kazi iko wapi?

Siku ya kolasio, jamaa yote inakuja na puda. Wanamumwangia binti puda mu kichwa, mama anapiga vigelegele, na baba, ambaye alichimba miaka mingi ili minervali ilipwe, anavaa shati lake la siku kuu. Kisha wageni wanarudi kwao, na kungoja kunaanza.

Tunasema hapa juu ya mabinti waliosoma mambo ya migodi, jeolojia ao metaliriji. Wanabeba farde mukononi, toka Lubumbashi paka Likasi, Fungurume na Kolwezi. Mulinzi anapokea farde ku mulango, na hakuna anayejibu. Vijana wanaume nao wanapata taabu hiyo, tusidanganyane: wenye diplome ni wengi kuliko nafasi, na asiye na mutu wake ndani ya kampani anangoja sana. Lakini binti anapata mengine tena.

Staji ndiyo ya kwanza. Mwenzake mwanaume anapelekwa ku mugodi, yeye anabakizwa mu biro kupanga makaratasi na kuleta kahawa. Kisha siku ya kuomba kazi wanamuuliza: umefanya nini ku tere? Atajibu nini? Na yule anayeshuka ku mugodi kweli, mara anapewa botini namba 42 na yeye anavaa 37. Utacheka, lakini mutu anayevuta botini mu matope hawezi kukimbia hatari.

Kuna pia mukubwa anayeomba mwili mbele ya kutia sinyatire. Sheria ya 20 Julai 2006 inaita jambo hilo kosa, na inalitilia gereza. Ila ni lazima mwenye kuonewa apeleke mashitaka yeye mwenyewe, na wengi wanaogopa: jina litakaloharibika mu kartie ni la binti, si la mukubwa.

Neno tunalotaka kusimama juu yake ni lile la kwa muganga. Binti amepita ekzame ya kazi, wanamutuma apimwe afya, na pale wanamwomba mukojo waone kama iko na mimba. Wengi wanatoa bila kuuliza. Wanafikiri ndiyo sheria. Hapana! Sheria ya kazi ya 2002, Code du travail, article 128, inakataza kumulazimisha mwanamuke anayeomba kazi apimwe mimba ao alete karatasi ya muganga juu ya mimba. Inaacha paka kazi zile ambazo zimekatazwa kwa mwenye mimba ao mwenye kunyonyesha, ao zenye hatari inayojulikana kwa afya ya mama na mutoto. Kampani itasema: mugodi ni hatari. Sawa, iseme ni kazi gani na hatari gani. Lakini kupima kila mwanamuke, hata yule atakayekaa mu biro kuchora plani, hapo sheria haiko tena.

Kuna wakubwa wanaosema wazi kwamba mwanamuke atazaa na kazi itasimama. Konje ya uzazi ni wiki 14, na mushahara wakati ule ni sehemu mbili juu ya tatu. Mwanaume anayevunjika muguu anakaa nyumbani zaidi ya pale, na hakuna anayemupima mifupa mbele ya kumupa kazi.

Wengine wangali wanajibu kwamba posti ya usiku si ya wanawake. Ilikuwa vile. Sheria ya 15 Julai 2016 iliondoa katazo la wanawake kufanya kazi ya usiku mu industri. Siku ileile sheria ya jamaa nayo ikabadilishwa: mbele, muke wa ndoa alihitaji ruhusa ya bwana ili kutia sinyatire ku kontra, sasa ni wote wawili kusikilizana.

Kusikilizana huko ndiko kugumu. Basi ya posti inapita alfajiri, giza ingali. Mama mukwe anauliza nani atapikia mutoto. Muchumba aliyependa diplome siku ya kolasio anaanza kuuliza atarudi saa ngapi na atakaa na wanaume wangapi mu kampi. Na baba, yule wa shati la siku kuu, mara nyingi ananyamaza. Yeye anayejua mugodi kuliko wote mu nyumba!

Wewe uliye ndani, delege wa sindika ni mwenzako: umuulize kampani yenu inapima nini siku ya kuingiza wanawake. Binti aliyeombwa mukojo aandike tarehe, pahali na kazi aliyoomba, kisha apeleke ku Inspeksio ya kazi. Na anayemaliza staji asikubali atestasio yenye kusema tu “amefanya staji”. Iandikwe alifanya nini na siku ngapi alishuka. Kama hakushuka hata siku moja, aombe kushuka mbele staji haijaisha, na botini namba 37.